Ujuzi bila karatasi hauvuki bahari: Jinsi wataalamu wa kompyuta wanavyopimwa kabla ya kuhamia Australia

Na MWANDISHI WETU

KWA miaka mingi, mkazi wa Gusii aliyetaka kwenda kutafuta riziki ughaibuni alikuwa na njia chache alizozijua. Wapo waliokwenda kusoma wakabaki huko, wapo waliosomea uuguzi, na wapo waliojaliwa katika bahati nasibu ya viza ya Marekani. Ndiyo maana si ajabu kumpata mzee wa Kisii ambaye hajawahi kufika Mombasa, lakini jina la Minnesota analitaja kama jina la soko la jirani kwa sababu wanawe au wajukuu wake wanaishi huko.

Siku hizi limezuka kundi jingine ambalo macho yake yameelekea upande wa pili wa dunia. Hawa ni vijana wa kompyuta: waandishi wa programu, wasimamizi wa mitandao na hifadhidata, pamoja na wale wanaolinda mifumo dhidi ya wezi wa mtandaoni.

Katika wadi ya Kiogoro, eneo bunge la Nyaribari Chache, nje kidogo ya mji wa Kisii, kijana wa aina hii anaweza kuketi katika chumba kilichozungukwa na migomba, akamwandikia programu mteja aliye Nairobi au London, na malipo yakamfikia kwenye simu kabla ya jua kutua. Kazi ni ya kweli na ujuzi ni wa kweli.

Hata hivyo, anapoamua kuomba kuhamia Australia kama mfanyakazi mwenye ujuzi, kijana huyo hugundua kwamba kabla ya viza kuna mlango mwingine. Mlango huo unaitwa tathmini ya ujuzi. Wengi hukwama hapo, si kwa sababu hawaijui kazi, bali kwa sababu hawana ushahidi kwamba waliifanya.

Makala haya yanaeleza tathmini hiyo ni nini, inataka nini, na ni kwa nini maandalizi yake sharti yaanze miaka kadhaa kabla ya mtu kufikiria kupanda ndege.

Tathmini yenyewe ni ipi?

Serikali ya Australia haiwaachii maafisa wa uhamiaji peke yao kazi ya kuamua nani ni fundi wa kweli na nani si fundi. Kila taaluma imepewa taasisi yake ya kuwapima waombaji. Kwa upande wa teknolojia ya habari na mawasiliano, jukumu hilo liko mikononi mwa Chama cha Kompyuta cha Australia, maarufu kwa kifupi kama ACS, kilichoundwa mwaka wa 1966.

Jambo la kwanza ambalo msomaji anafaa kulifahamu ni kwamba huu si mtihani wa kuketi darasani. Hakuna anayeitwa kuandika programu mbele ya msimamizi. Mwombaji hutuma nyaraka zake kupitia intaneti, afisa wa chama hicho huzisoma, kisha hutoa barua yenye uamuzi: anafaa au hafai kwa kazi aliyoitaja.

Kwa maneno mengine, hakipimwi kile unachokijua. Kinachopimwa ni kile unachoweza kukithibitisha. Tofauti ya mambo haya mawili ndiyo chanzo cha machozi mengi.

Jambo la pili ni kwamba mwombaji hupimwa kwa kazi moja mahususi, wala si kwa "mambo ya kompyuta" kwa jumla. Australia imekuwa ikitumia orodha ya kazi iitwayo ANZSCO, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 2006, ambayo huipa kila kazi nambari yake. Mhandisi wa programu ana nambari 261313, msimamizi wa hifadhidata ana 262111, mtaalamu wa usalama wa mifumo ana 262112, na mhandisi wa mitandao ya kompyuta ana 263111.

Mnamo Desemba 2024, Ofisi ya Takwimu ya Australia ilitoa orodha mpya iitwayo OSCA kuchukua mahali pa ile ya zamani. Mabadiliko ya aina hii hayaingii katika kila idara kwa siku moja. Kwa hivyo, ni wajibu wa mwombaji kuhakikisha ni orodha gani inayotumika siku anapowasilisha ombi lake.

Hapa ndipo ugumu wa kwanza unapomkabili mtaalamu wa Kenya. Katika kampuni ndogo za humu nchini, mtu mmoja hufanya kila kitu: asubuhi anatengeneza printa, saa sita anaunganisha mfumo wa malipo ya M-Pesa, alasiri anaunda tovuti, na jioni anamfundisha mhasibu kutumia programu mpya. Kwa mwajiri, mtu kama huyo ni lulu. Kwa mpimaji aliye Australia, ni kitendawili, kwani haijulikani awekwe katika kundi gani.

Dawa yake si kudanganya. Dawa ni kukaa chini na kusoma maelezo ya kila kazi katika orodha, kisha kujiuliza kwa uaminifu: sehemu kubwa ya muda wangu wa kazi huenda wapi? Jibu la swali hilo ndilo linalofaa kuongoza uteuzi wa nambari, wala si tetesi kwamba kazi fulani "inapita haraka".

Shahada na masomo

Nguzo ya kwanza ya tathmini ni elimu. Chama cha ACS hutazama mambo mawili: masomo ya kompyuta yalichukua sehemu gani ya shahada, na masomo hayo yanakaribiana kiasi gani na kazi inayoombwa.

Kwa hiyo, cheti peke yake hakitoshi. Kinachohitajika ni orodha kamili ya masomo yote na alama zake, mwaka baada ya mwaka. Mtu aliyesomea biashara huku akichukua masomo machache ya kompyuta hatahesabiwa sawa na aliyesomea sayansi ya kompyuta tangu mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, hata kama leo wanaketi ofisi moja na kufanya kazi ileile.

Vyeti vinavyotolewa na kampuni za teknolojia kama vile Cisco na Microsoft vina thamani yake kazini, lakini mtu asidhani kwamba kozi ya majuma mawili inaweza kugeuka kuwa shahada mbele ya mpimaji.

Kwa Mkenya, mtego mkubwa katika nguzo hii hauko Australia bali uko nyumbani. Wako wahitimu ambao hawajawahi kuchukua vyeti vyao kwa sababu ya salio la karo, au kwa sababu hawakumaliza kutia sahihi zile fomu za kuondoka chuoni. Wako pia ambao orodha yao ya alama ina somo lisilo na alama, kosa ambalo walilijua tangu wakiwa wanafunzi wakaahidi kulifuatilia "wiki ijayo".

Kosa kama hilo linaweza kuchukua miezi kurekebishwa. Aliye na Chuo Kikuu cha Kisii karibu na nyumbani anaweza kwenda na kurudi kwa siku moja, lakini aliyesomea mbali atalipa nauli mara kadhaa. Ni heri kulimaliza jambo hilo wakati hakuna haraka.

Jambo jingine linalodharauliwa ni majina. Si ajabu kwa Mkenya kuwa na majina matatu katika kitambulisho, mawili katika cheti cha chuo, na mpangilio mwingine kabisa katika pasipoti, tena herufi moja imebadilishwa na karani aliyeandika alivyosikia. Nyumbani watu huelewana. Ng'ambo, majina mawili tofauti ni watu wawili tofauti mpaka ithibitishwe vinginevyo kwa hati ya kisheria.

Barua ya mwajiri

Nguzo ya pili ni uzoefu wa kazi, na hapa ndipo maombi mengi huporomoka. Tazama barua hii, ambayo inafanana na nyingi zinazotolewa humu nchini:

"Hii ni kuthibitisha kwamba aliyetajwa hapo juu alikuwa mfanyakazi wetu katika idara ya kompyuta tangu mwaka wa 2019 hadi 2023. Alikuwa mwenye bidii, nidhamu na heshima. Tunamtakia kila la heri."

Barua hii ni nzuri kwa mtu anayetafuta kazi mtaani, kwa sababu mwajiri mpya atapiga simu na kuuliza. Kwa mpimaji wa ACS, haina lolote. Haisemi tarehe ya kuanza wala ya kumaliza. Haisemi kama kazi ilikuwa ya muda wote au ya vipindi. Na juu ya yote, haisemi mtu huyo alikuwa akifanya nini.

Barua inayokubalika huandikwa kwenye karatasi yenye nembo na anwani ya kampuni. Hutaja siku, mwezi na mwaka wa kuanza kazi, na vivyo hivyo kwa kuondoka. Hutaja cheo, nchi ambako kazi ilifanyikia, na saa za kazi, kwa kuwa kazi ya chini ya saa 20 kwa wiki haihesabiwi. Kisha huorodhesha majukumu halisi ya mwombaji, na hutiwa sahihi na mtu mwenye mamlaka ambaye jina, cheo na mawasiliano yake yameonyeshwa wazi.

Majukumu hayo yaandikwe kwa lugha ya kazi yenyewe. Badala ya kusema "alishughulikia kompyuta", barua iseme kwamba aliunda na kujaribu programu ya kusajili wateja, akaandika sehemu inayowasiliana na mfumo wa malipo, akalinda hifadhidata na kurekebisha hitilafu zilizoripotiwa. Mpimaji hataki sifa za mtu. Anataka kuona kazi.

Kuna wanaonakili maelezo ya kazi kutoka kwenye orodha ya ANZSCO neno kwa neno na kumpelekea mwajiri atie sahihi. Hilo ni kosa. Barua kumi zinazofanana kama mapacha huzua shaka, na shaka ikishaingia, hata ukweli uliomo humo hutazamwa kwa jicho la pembeni.

Je, kampuni ikiwa imefungwa, au meneja wa zamani amekataa kutoa barua? Njia haijafungwa kabisa. Mtu aliyefanya kazi na mwombaji, hasa aliyekuwa msimamizi wake, anaweza kula kiapo mbele ya afisa aliyeidhinishwa na sheria, akieleza majukumu ya mwombaji na jinsi alivyoyajua. Hati ya kiapo aliyoiandika mwombaji mwenyewe kujisifu haina uzito kama huo.

Hii ndiyo sababu ya ushauri ambao huonekana mdogo lakini una maana kubwa: usiondoke kazini bila barua kamili, na usigombane na mkubwa wako siku ya kuondoka. Ni rahisi zaidi kuomba barua ukiwa bado unakunywa chai katika ofisi hiyo kuliko miaka sita baadaye, wakati meneja mwenyewe amehamia kampuni nyingine na faili lako limetupwa.

Pesa zilipitia wapi?

Barua ya mwajiri huhitaji kuungwa mkono na ushahidi kwamba kazi ililipwa. Kwa mfanyakazi aliyeajiriwa rasmi nchini Kenya, ushahidi huo upo iwapo aliutunza: hati za mshahara za kila mwezi, taarifa za benki, fomu ya P9 ambayo mwajiri humpa kila mwaka kuonyesha mshahara na kodi iliyokatwa, na rekodi za michango ya Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni (NSSF).

Nyaraka hizi husaidiana. Barua ikidai kwamba mtu alianza kazi Machi 2019, na fomu ya P9 ikaonyesha mshahara wa kwanza ulilipwa Septemba, mpimaji ataamini ile yenye hesabu.

Tatizo linakuwa kubwa kwa yule anayefanya vibarua vya mtandaoni. Serikali ya Kenya imekuwa ikiwahimiza vijana kutafuta kazi za aina hii, na mpango wa Ajira Digital ulioanza mwaka wa 2016 uliundwa kwa lengo hilo. Kazi hizo zimewawezesha wengi kujilisha na kuwalipia wadogo zao karo. Lakini mara nyingi makubaliano hufanywa kwa ujumbe wa simu, malipo huja kwa M-Pesa kutoka kwa mtu binafsi, na kazi ikikamilika hakuna alama inayobaki isipokuwa shukrani.

Isitoshe, kuna jambo ambalo vijana wengi hulifanya bila kufikiria kesho. Kila mwaka, ifikapo Juni 30, kila mwenye nambari ya kodi anatakiwa kuwasilisha ripoti ya mapato kwa Mamlaka ya Ushuru (KRA). Kijana wa vibarua huwasilisha ripoti ya sufuri, yaani anaitangazia serikali kwamba hakupata hata shilingi moja, kwa sababu ndiyo njia ya mkato inayomalizika kwa dakika chache.

Miaka mitano baadaye, kijana yuyo huyo anataka kuithibitishia Australia kwamba katika miaka hiyo alikuwa mhandisi wa programu aliyelipwa vyema. Rekodi za nchi yake zinasema alikuwa hana kazi. Ni nani atakayeaminiwa?

Anayejiajiri anaweza kuepuka aibu hiyo kwa hatua chache. Asajili jina la biashara kupitia mfumo wa eCitizen. Amwandikie kila mteja ankara yenye tarehe, nambari na maelezo ya kazi. Aweke mkataba hata wa ukurasa mmoja. Afungue akaunti ya benki ya biashara na kuelekeza malipo huko. Atangaze mapato yake na kulipa kodi inayostahili. Na kila kazi inapokamilika, amwombe mteja barua yenye maelezo kamili kabla hawajapoteana.

Asiye na shahada ya kompyuta

Wapo mafundi hodari ambao hawakusomea kompyuta chuoni. Huyu alisomea ualimu wa hisabati, yule aliishia kidato cha nne akajifunza mwenyewe. Chama cha ACS hakiwafungii mlango watu hawa, lakini mlango wao ni mwembamba zaidi. Wanatakiwa kuwa na miaka mingi zaidi ya uzoefu kuliko mwenye shahada, na huwasilisha maombi kwa njia ya kutambuliwa kwa ujuzi uliopatikana kazini.

Katika njia hiyo, mwombaji hueleza maarifa yake na namna alivyoyapata, kisha huandika ripoti za miradi miwili mikubwa aliyoifanya. Mradi mmoja uwe wa miaka 3 iliyopita, na mwingine uwe wa miaka 5 iliyopita. Ripoti hueleza tatizo lililokuwepo, suluhisho lililobuniwa, mchango wa mwombaji mwenyewe, na matokeo yake.

Ripoti hizi ndizo zimewaponza wengi, kwa sababu kwenye intaneti kuna wauzaji wa ripoti zilizokwisha kuandikwa. Chama cha ACS huzipitisha ripoti katika mitambo ya kutambua maandishi yaliyonakiliwa. Anayenaswa hukataliwa, na jina lake linaweza kufikishwa kwa idara ya uhamiaji. Mtu aliyejifunza kazi kwa jasho lake mwenyewe hana sababu ya kununua hadithi ya mtu mwingine.

Miaka inayokatwa

Kuna kanuni moja ambayo huwashangaza waombaji wanapoisoma barua ya matokeo. Chama cha ACS hakiihesabu miaka yote ya kazi. Sehemu ya mwanzo huchukuliwa kuwa muda wa kukomaa, na ni baada ya hapo tu ndipo mtu huhesabiwa kuwa mtaalamu kamili. Kwa mwenye shahada ya kompyuta inayokaribiana na kazi anayoiomba, kanuni imekuwa kukata miaka 2. Kwa wengine hukatwa zaidi.

Ili kuona uzito wa jambo hili, tuchukue mfano wa kubuni wa kijana wa Kiogoro mwenye umri wa miaka 29, aliye na shahada ya kompyuta na miaka 5 ya kazi Kisii na Nairobi. Viza za wafanyakazi wenye ujuzi wasio na mwajiri hutegemea alama, na katika jedwali ambalo limetumika kwa miaka, mtu hawezi kuingia kwenye foleni akiwa na chini ya alama 65, wala hawezi kualikwa akishafikisha umri wa miaka 45.

Umri wake unampa alama 30. Shahada inampa 15. Akipata kiwango cha pili cha Kiingereza katika mtihani unaotambuliwa, anapata 10. Miaka 5 ya kazi nje ya Australia ina alama 10. Jumla ni 65, na kijana anashangilia.

Kisha barua ya ACS inakuja na kukata miaka 2. Miaka 3 iliyobaki ina alama 5 pekee. Jumla inashuka hadi 60, na mlango unafungwa.

Tuseme tena kwamba mwaka mmoja kati ya ile 5 hauna barua wala ushahidi wa malipo. Miaka 4 inayothibitishwa ikikatwa 2, inabaki 2, ambayo haina alama yoyote. Jumla sasa ni 55. Kipande kimoja cha karatasi ambacho hakikuombwa kwa wakati kimeondoa alama 5.

Kijana huyo angali ana njia. Akifikia kiwango cha juu kabisa cha Kiingereza, alama zake za lugha hupanda kutoka 10 hadi 20. Jimbo la Australia likimteua kwa viza ya 190 anaongezewa 5, na kwa viza ya 491 ya maeneo yaliyo nje ya miji mikuu anaongezewa 15. Au anaweza kungoja, aendelee kufanya kazi na kutunza karatasi, kwani hadi afikishe miaka 33 alama zake za umri hazipungui.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba alama 65 ni za kuingia foleni tu. Wanaoalikwa mara nyingi huwa na zaidi ya hizo. Aidha, matokeo ya tathmini hudumu kwa miaka 2. Anayeomba tathmini kabla hajajiandaa kwa mtihani wa Kiingereza anaweza kuona muda huo ukiyoyoma bila faida, na ada ya tathmini, inayolipwa kwa dola za Australia, kwa kawaida hairudishwi.

Ng'ombe wa nani anauzwa?

Katika jamii ya Wagusii, safari ya ng'ambo huwa si ya mtu mmoja. Mzazi huuza ng'ombe, shangazi hukopa katika chama, majirani huitana kwa harambee, na wakati mwingine kipande cha shamba, katika eneo ambalo mashamba yamegawanywa hadi yamekuwa madogo mno, hukodishwa au kuuzwa. Kwa hiyo, ombi likikataliwa, hasara haimwangukii kijana peke yake.

Madalali wanalijua jambo hilo. Huja na ahadi ya "tathmini ya uhakika" na "barua za waajiri zilizo tayari". Mzazi asiyejua mambo ya kompyuta huona vyeti vyenye mihuri akaamini.

Ukweli ni kwamba hakuna dalali anayeweza kumhakikishia mtu matokeo. Nchini Australia, wakala anayetoa ushauri wa uhamiaji kwa malipo hutakiwa na sheria kusajiliwa, au awe wakili, na orodha ya waliosajiliwa iko wazi kwa yeyote kuitazama kwenye intaneti. Humu nchini, mashirika yanayotafutia watu kazi ng'ambo hupewa leseni na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA), na ni haki ya mzazi kuomba kuiona leseni hiyo kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Madhara ya hati bandia hayaishii kwenye kukataliwa. Sheria ya uhamiaji ya Australia inaruhusu mtu aliyewasilisha hati za uongo kunyimwa viza kwa miaka 3, na aliyedanganya kuhusu utambulisho wake anaweza kufungiwa kwa miaka 10. Dalali aliyeziandika hati hizo hafungiwi lolote, kwa kuwa jina lililo kwenye fomu si lake.

Karatasi zilezile, milango mingi

Huenda msomaji akasema kwamba Australia ni mbali na sheria zake hubadilika kila uchao. Ni kweli. Lakini faida ya maandalizi haya ni kwamba hayafungamani na nchi moja.

Canada, katika mpango wake wa kuwapokea wenye ujuzi, hutaka vyeti vya masomo vilinganishwe na vya kwake, pamoja na barua za waajiri zinazotaja majukumu, saa za kazi na mshahara. Ujerumani nayo, tangu Novemba 2023, inamruhusu mtaalamu wa kompyuta asiye na shahada kupata Kadi ya Buluu ya Ulaya iwapo ana uzoefu wa miaka 3 katika miaka 7 iliyopita na ameahidiwa kazi yenye mshahara unaofikia kiwango kilichowekwa. Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa ushirikiano kuhusu uhamiaji wa wafanyakazi jijini Berlin mnamo Septemba 13, 2024, wakati wa ziara ya Rais William Ruto.

Katika nchi zote hizi swali ni moja: ulifanya nini, wapi, lini, na nani anaweza kushuhudia? Hata asiyesafiri kamwe atazihitaji karatasi hizo siku atakapoomba zabuni ya kaunti au mkopo wa kupanua biashara yake.

Kwa hivyo, mwenye nia na aanze leo. Anunue faili moja, na atengeneze nyingine kama hiyo kwenye kompyuta yake na kuihifadhi mahali pawili. Aweke humo vyeti na orodha za alama, mikataba, hati za mshahara za kila mwezi, fomu za P9, ankara, na barua ya kila mwajiri na kila mteja. Kila Juni anapowasilisha ripoti ya mapato, afungue faili hiyo na kuangalia ni kipi kimekosekana katika mwaka uliopita.

Nao wazazi wa Kiogoro na kwingineko, kabla ya kumfungua ng'ombe zizini, wamwombe kijana awaonyeshe faili hiyo. Ikiwa imejaa, mnada unaweza kungoja siku ipangwe. Ikiwa tupu, ng'ombe na aendelee kukamuliwa, na kijana aende kwanza kwa mwajiri wake wa zamani kuomba barua.

Akiba haiozi, walisema wahenga, na kwa mtaalamu wa kompyuta, akiba ya kwanza ni karatasi.